Karatasi Kati ya Mabati

Uligeuza uso. Usianze kutafuta maneno, uligeuza. Muziki ulipopigwa ulimsifu mpiga gitaa, ukalisifu na gitaa lenyewe, lakini kile kisanduku kilichokuwa kikinguruma miguuni pake hukuuliza kimetoka mikononi mwa nani. Na mwenye mikono hiyo alipotolewa mlangoni pa kiwanda na barua mkononi, wewe ulikuwa na haraka ya kwenda mahali. Leo kaa. Mama Waya yuko mezani kwake, Jumamosi saa nne asubuhi, na bado hajajua kwamba kesi inayosikilizwa hapa ni yake pia.

"Zima," alisema.

Mumewe akazima. Mzee Besi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa la umeme mapajani, waya wake umevuka chumba mpaka kwenye meza ya mkewe. Akakohoa kidogo ili kuonyesha alichosikia.

"Nimepiga uzi mnene, nimesikia mtu anakohoa ndani ya ndoo."

"Nimesikia na mimi."

"Nyembamba zinaimba vizuri tu. Lakini huu mnene, mke wangu, huu una kifua."

"Mzee, nimesema nimesikia. Hukuoa kiziwi."

Chumba kile kilikuwa sebule mpaka saa mbili asubuhi, halafu kikageuka karakana. Feni tatu zisizo na mapanga zilisubiri kando ya ukuta, blenda mbili, mota moja ya pampu iliyoungua mpaka ikanuka. Mama Waya alikuwa anasuka mota za watu, tangu kiwanda cha transfoma kilipofungwa na jengo lake kugeuzwa ghala la magodoro. Lakini juu ya meza, kwenye shuka lililokunjwa mara nne, kilikaa kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza: amplifaya ya gitaa, ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, aliyoiunga yeye mwenyewe kwa miezi minne juu ya bati la kuokea mikate. Alilitoboa bati lile kwa drili ya jirani, akalehemu kila kiungo kwa mkono, akavuta waya zake zikae sambamba kama nywele zilizosukwa.

Aliifanya kwa sababu ya kabati la nguo. Mzee Besi aliendesha lori la maji miaka thelathini, na miaka hiyo yote mwisho wa wiki alipiga gitaa ukumbini. Amplifaya yake ya zamani iliungua. Tangu hapo alikuwa anaingia chumbani, anaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati ili ubao umsaidie kusikia, anapiga taratibu, peke yake. Hakulalamika hata siku moja. Mama Waya alikuwa upande wa pili wa ukuta akihesabu mizunguko ya waya, na kuna siku alipoteza hesabu mara tatu kwa kumsikiliza. Akaamua.

Kilichobaki sasa kilikuwa kuchagua transfoma ya spika. Asiyejua atasema ni kipande cha chuma tu. Valvu ina nguvu, lakini ni nguvu za msukumo: volti nyingi, mkondo kiduchu. Spika inataka kinyume chake, volti kidogo na mkondo wa kutosha kusukuma ngozi yake ya karatasi. Ukiziunganisha moja kwa moja, ni watu wawili wanaopigiana kelele, kila mmoja kwa lugha yake. Transfoma inakaa katikati, ndiyo mkalimani. Mkalimani akiwa mbovu, mambo mazito hayafiki.

Na valvu kubwa ilikuwa moja tu, aliyoing'oa kwenye redio-gramafoni ya marehemu baba mkwe. Nyingine haikuwepo mjini. Muuza vipuri alimwambia mara ya mwisho kuiona valvu ya namna ile alikuwa bado na meno yake yote. Ukikosea transfoma, valvu inaweza kuungua, na ikiungua, Mzee Besi anarudi kwenye kabati.

Transfoma ya kwanza, hii iliyokohoa, aliinunua kwa muuza vipuri huyo huyo, Jumatano. Ilikuwa transfoma ya kawaida ya umeme wa nyumbani, mpya, nzito kama tofali. Mama Waya aliipima kabla ya kuiunga. Aliingiza volti moja upande wa spika, akasoma ishirini na tano upande wa pili. Ishirini na tano mara ishirini na tano, mara ukinzani wa spika, omu nane: omu elfu tano. Ndicho kipimo hasa ambacho valvu ile inakitaka. Kwa hesabu hakukuwa na kosa.

Siku hiyo ya Jumatano, muuza vipuri akiwa anafunga mzigo kwa kamba, alisema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Yule mwenzako wa zamani, Kimya, umesikia? Chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu wa kusuka koili. Mikono wameiona, wameipenda. Ila barua yake ya kiwandani imeandikwa mzembe. Wamemwambia alete maandishi ya watu wawili waliokaa naye benchi moja, waseme kama ni kweli ama si kweli. Mwisho Jumatatu saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine."

"Namtakia heri," Mama Waya alijibu.

"Wewe si ulikuwa kiongozi wa benchi?"

"Mimi siandiki nisichokijua. Funga vizuri hiyo kamba."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Yakumbuke, maana yeye alijaribu kuyasahau njia nzima.

*

Akaifungua transfoma ya kwanza, akaunga ya pili, ndogo, ya redio ya mezani. Kabla ya kugusa kitu alimaliza kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, vikopo vinavyouhifadhi hata baada ya kuzima, kwa waya wenye kizuizi, kichwa ameelekeza pembeni. Hakuwahi kuruka hatua hiyo. Aliwajua watu wawili walioiruka.

Mzee Besi akapiga. Sauti ilitoka tamu, nyembamba, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Dakika tano baadaye chumba kikaanza kunuka vanishi ya moto. Mama Waya akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka.

"Zima, zima! Hii ni ya kunong'ona. Ukiilazimisha iimbe itakufa, na valvu itaifuata."

Nje mtu alikuwa anaosha gari na kuligombeza.

"Si kuna ile nyingine?" Mzee Besi aliuliza.

"Ipi?"

"Ile ya mfano mbaya."

"Ile ni takataka."

"Takataka gani inavikwa flana na kuwekwa kwenye droo ya cherehani?"

Mama Waya akasukuma kiti nyuma. Aliinuka, akaenda kwenye droo, akarudi nayo. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya redio, na ubavuni ilikuwa na muhuri mwekundu ambao rangi yake haikuwa imepauka hata kidogo: IMEKATALIWA.

Wino wa kukataa watu huwa unatengenezwa vizuri sana.

Sikiliza jinsi muhuri ule ulivyofika pale. Miaka ishirini na miwili nyuma kiwanda kilipata oda ya transfoma arobaini za spika, za redio-gramafoni kubwa. Kabla ya hapo benchi la tatu, wanawake kumi na wawili, lilikuwa limesuka transfoma za umeme wa nyumbani tu, maelfu kwa maelfu. Kila transfoma ina chuma kilichojengwa kwa mabati membamba, mengine yamekatwa kama herufi E, mengine kama herufi I. Kwenye benchi lile mabati yalipangwa kwa kupishana: moja linaingia kutoka kushoto, linalofuata kutoka kulia, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, halafu unagonga kwa nyundo ya mbao mpaka pasipite hata unywele. Ndicho kilichokuwa kinawapa wanawake wale kichwa kikubwa. Transfoma ya benchi la tatu ilikuwa hailii, haitetemi. Aliyeacha uwazi kati ya mabati alichekwa mpaka wiki ikaisha.

Oda ile ya arobaini alipewa Kimya. Aliitwa Kimya kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na waya mdomoni. Alikuwa mdogo kuliko wote na mwepesi kuliko wote, na tofauti na wote, alisoma mchoro mpaka chini kabisa, hadi kwenye yale maandishi madogo. Mchoro ulisema: E zote upande mmoja, I zote upande mwingine, na katikati karatasi moja nyembamba. Akafanya hivyo, zote arobaini.

Mkaguzi akaja. Walimwita Bwana Muhuri, na alilipenda jina hilo. Akainua transfoma moja, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ni nini hapa katikati?"

"Karatasi, bwana. Mchoro unasema..."

"Sikuuliza mchoro. Umepanga upande mmoja kwa sababu ni rahisi, ukajaza uwazi kwa karatasi. Ni uvivu huu."

"Bwana, hizi zinabeba umeme wa njia moja pamoja na muziki. Ukizibana kabisa chuma kitashiba. Kikishiba hakipokei tena, hasa sauti nzito..."

"Chuma kitashiba!" Bwana Muhuri aliwageukia watu ili wacheke, na wapo waliocheka. Halafu akamtazama kiongozi wa benchi. "Mama Waya. Ninyi hapa mnapanga hivi?"

"Tunapishanisha, bwana," Mama Waya akasema.

Hakuna neno la uongo katika maneno hayo mawili. Ndiyo maana yaliua vizuri. Wengine kumi wakatazama mikono yao, na wewe, popote ulipokuwa umekaa, ukatazama yako. Muhuri ukashuka mara arobaini. Kimya akapewa barua: Mzembe. Hafuati maelekezo. Bwana Muhuri akapanda cheo, akastaafu, akapigiwa makofi. Transfoma thelathini na tisa zikaenda kwenye chuma chakavu bila kuwashwa hata moja.

Ya arobaini aliichukua Mama Waya. Usimfikirie mema bado. Aliichukua ili awaonyeshe wasichana wapya. Miaka minane, mpaka kiwanda kilipofungwa, kila aliyeanza kazi alishikishwa ile transfoma mkononi. "Mnaona uwazi huu? Aliyeuacha alifukuzwa." Aliamini kila neno. Alikuwa anamlilia Kimya kama mtu anayemlilia mtoto mwenye akili aliyeharibika.

*

"Haiwezi kufanya kazi," alisema sasa. "Haikubanwa. Inaweza kuiua valvu."

"Valvu ni ya baba yangu," alisema Mzee Besi, "na mrithi ni mimi peke yangu. Natoa ruhusa."

"Ikiungua usiniambie kitu."

"Nikuambie nini tena? Kabati na mimi tumeshazoeana."

Hilo ndilo lililomfanya aunge. Akapima kwanza: ishirini na tano kamili, wala hapakuwa na ushei. Akatazama waya zilivyotoka kwenye koili. Kila mmoja ulivikwa mrija wa kitambaa na kufungwa kwa uzi wenye nta, fundo dogo lenye mkia mfupi, na hata mkia ule ulikuwa umelazwa. Miaka yote ile aliwaonyesha watu uwazi. Mafundo hakuwahi kuyaonyesha. Akalehemu. Akahakikisha spika imeungwa, maana amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Akawasha. Valvu ikapata rangi ya kaa la moto taratibu.

"Anza na nyembamba. Polepole."

Mzee Besi hakumsikiliza, kama kawaida yake. Alipiga uzi mnene.

Sauti ilitoka nzima. Ilipita chini ya meza, ikapanda kwenye miguu ya kiti, skrubu za feni zikaitika ndani ya kopo lao. Haikukohoa, haikukatika, ilikaa chumbani kama mgeni mwenye mwili mkubwa aliyekaribishwa vizuri, halafu ikaondoka bila haraka. Mzee Besi akapiga tena, akashuka, akapanda, akatafuta wimbo, akaupata. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

"Asante," alisema. "Asante, mke wangu. Asante sana. Hivi ndivyo ilivyokuwa ukumbini. Hivi hivi!"

Mama Waya alikuwa anaangalia chuma. Aliacha wimbo uishe. Akazima, akasubiri, akamaliza umeme wa kapasita, ndipo akapitisha ukucha kwenye ule mstari ambapo E zinakutana na I. Karatasi ilikuwepo, ya kahawia, nyembamba, imekatwa sawasawa na ukingo wa chuma. Alijaribu kutafuta mahali ambapo mkono ulizembea. Hakupapata.

Transfoma nzito ya Jumatano ilikuwa imebanwa pasipite hata unywele, kama alivyofundisha yeye, na ndiyo iliyokohoa. Ilikuwa imeshiba.

"Zilikuwa sawa," alisema.

"Nini?"

"Zote arobaini. Yule mtoto alituambia, kwa maneno hayo hayo. Nilikuwa nimesimama hapa na yeye pale."

Mzee Besi akaweka gitaa chini. Walikuwa wameoana miaka mingi. Alijua wakati wa mzaha na wakati usio wa mzaha.

"Vaa viatu," Mama Waya akasema.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Kimya."

"Kimya yupi?"

"Kuna mwingine?"

*

Alikuwa anaijua nyumba siku zote. Ilikuwa nyuma ya uwanja wa matofali, mwendo wa dakika kumi na moja. Katika miaka ishirini na miwili hakwenda hata mara moja. Aliwahi kumwona Kimya kituoni akapanda basi ambalo si lake, akashukia mtaa asioujua, akarudi kwa miguu na mfuko wa viazi. Nyumbani alisema basi liliharibika.

Leo alisukuma toroli la kubebea mota, amplifaya imefungwa blanketi, spika juu yake. Mzee Besi alifuata na gitaa begani, akisalimia watu kama mtu anayekwenda kupiga ukumbini.

Kimya alikuwa mlangoni kwake, nyuma ya cherehani, anashona kola za sare. Rundo la mashati lilimfika kiunoni. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa waya wa shaba, fundo dogo lenye mkia mfupi. Aliinua macho, akaliona toroli, akamwona anayelisukuma, mguu wake ukaacha pedeli.

"Dada."

"Mdogo wangu."

"Shemeji naye! Karibuni. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukwambia kitu, na naomba nikiseme nikiwa nimesimama." Mama Waya akashika mipini ya toroli kwa mikono yote miwili. "Transfoma zako zilikuwa sawa. Nimeiunga moja leo. Nimeisikia. Ile karatasi ilikuwa mahali pake, na mimi nikasema tunapishanisha."

Kimya hakusema neno. Jina lake, kwa mara ya kwanza, likamkaa. Kisha akauliza:

"Umeipata wapi?"

Swali hilo Mama Waya alikuwa ameliogopa kuliko yote. Angeweza kusema aliitunza. Ingetosha, ingependeza.

"Niliichukua siku ile. Niliwaonyesha wasichana, miaka minane, nikiwaambia huu ndio uzembe."

Mzee Besi akatazama kando. Kimya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati la mtoto wa watu.

"Kwa hiyo nilifundisha miaka minane," alisema, "na hamkunilipa."

Mama Waya hakujua kama acheke. Kimya ndiye aliyeanza, kicheko kikavu, kisha kikapata maji, kisha kikawa kitu kingine, na wote wawili wakashikana pale mlangoni, mashati yakaanguka, hakuna aliyeyaokota.

"Usidhani nimemaliza," Kimya alisema akijitoa. "Nina maneno yako ya miaka ishirini na miwili, na nitayasema yote. Leo hii ama kesho. Utakaa uyasikie."

"Nitakaa."

"Kwanza fungua blanketi. Umeipima? Ilisoma ngapi?"

"Ishirini na tano kamili."

"Kamili?"

"Kamili."

"Ehe! Msikilize huyo, shemeji, kamili! Na valvu inapitisha mkondo kiasi gani?"

Wakaingia ndani. Kimya aliinama juu ya bati la mikate, akafuata kila waya kwa kidole bila kugusa. Akasifu kulehemu kwa Mama Waya. Akakosoa mahali pawili, kwa sauti, kwa urefu, na Mama Waya akasema ndiyo, ndiyo kweli. Hapo Kimya akaifikia transfoma. Akaona muhuri. Akaweka dole gumba juu yake, likaufunika wote.

"Mimi sijawahi kuzisikia," alisema. "Mnajua? Arobaini, na sikusikia hata moja. Nilikuwa najiambia usiku na mchana nilikuwa sahihi, lakini sikusikia. Mtu akiitwa mzembe miaka yote hii, hata yeye anaanza kujikagua. Nikishona kola, naifumua naishona tena."

Mzee Besi alichomeka waya. Valvu ikapata moto. Akapiga uzi mnene kwanza, maana ndio uliokuwa na ushahidi, halafu akaendelea na wimbo wa taratibu wasioujua jina. Kimya alisimama ameshika ukingo wa meza kwa vidole, anapokea sauti kwa mifupa. Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe. Uliporudiwa aliomba tena.

"Asante kwa kuitunza," akasema mwishoni.

"Sikuitunza, nimekwambia."

"Ulivyoifanyia ni mambo yako. Ipo. Zile nyingine hazipo. Asante."

Mama Waya akafungua mkoba, akatoa daftari la hesabu za mizunguko, akachana ukurasa safi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye vibandiko vya maboksi. Kimya alisoma juu ya bega lake, kwa sauti, kila neno, akashindwa kujizuia.

"'Mimi niliyekuwa kiongozi wa benchi la tatu, nathibitisha kwamba transfoma arobaini zilizokataliwa zilisukwa na kupangwa kwa usahihi kama mchoro ulivyoagiza. Mwenzetu hakuwa mzembe. Tuliokosea ni sisi. Nimeiwasha moja na inafanya kazi. Ninamshukuru.' Dada, hilo la kushukuru liondoe. Hii ni barua ya ofisi."

"Siliondoi."

"Watacheka."

"Wacheke. Niliwahi kusema sentensi fupi ya kiofisi juu yako, tuliona ilikotufikisha."

Akatia saini. Chini yake akapiga mstari wa pili kwa rula, mrefu, akauacha mtupu. Ofisi ilitaka watu wawili. Wakahesabu: wale wengine kumi, wanne wamefariki, watatu wamehama, wawili hawakumbuki tena hata majina ya watoto wao. Mmoja yupo, mtaa wa zahanati. Yule aliyekuwa anakaa mwisho wa benchi.

"Nilimfuata wiki iliyopita," Kimya alisema. "Alisema ni mambo ya zamani, na yeye hayamhusu."

"Ulimwambia kwa mdomo?"

"Kwa kitu gani kingine?"

"Basi leo asikie." Mama Waya alikuwa ameshaanza kukunja blanketi. "Shika upande wa pili."

Wakalisukuma toroli wote wawili, kila mmoja na mpini wake, bega kwa bega, na kwa kuwa mmoja alikuwa mrefu kidogo, lilivuta upande, wakawa wanalirekebisha kila hatua chache bila kuambiana. Kimya alikuwa ameshaanza maneno yake ya miaka ishirini na miwili. Mama Waya alikuwa anaitikia. Mzee Besi nyuma yao alikuwa anapiga mluzi. Jua lilikuwa limepita utosi, vivuli vimeanza kutokea upande wa pili wa watu. Kwenye kona ya zahanati wakasimama mbele ya mlango wa kijani. Mzee Besi akaomba umeme kwa muuza duka wa jirani, muuza duka akatoa waya dirishani bila kuuliza. Spika ikaelekezwa mlangoni.

Mama Waya akabisha hodi.

Ndani, redio ikapunguzwa sauti.

Hakuna aliyeitika. Lakini imepunguzwa, wote watatu wamesikia, na wewe uliyeipunguza unajua kwamba wamesikia. Valvu imeshapata moto. Kalamu ina wino, mstari uko mtupu, na Jumatatu haisubiri mtu amalize kuona aibu. Ondoka hapo ulipokaa. Fungua mlango. Sasa.